NFS, iSCSI au Faiba Chaneli: mashine pepe zako zikae wapi kwenye storeji ya pamoja?

Seva tatu zimeshafungwa kwenye raki. Juu yake kuna swichi mbili za gigabiti 10, na chini kabisa, maana ndilo zito kuliko vyote, limewekwa sanduku la storeji lenye diski 12. Kebo zimevutwa, umeme umewaka, feni zinavuma. Unafungua ukurasa wa kuongeza storeji kwenye haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, na swali la kwanza unalokutana nalo ni hili: NFS, iSCSI au Faiba Chaneli?

Wengi wetu hubofya ile tuliyoikuta kwa fundi aliyetufundisha kazi. Mimi nilikuwa mtu wa iSCSI kwa miaka, kwa sababu tu bosi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa iSCSI. Siku hizi naanza na swali jingine: umeme ukikatika saa nane usiku na jenereta ikagoma, nani atakuja ofisini, na atakuta nini kwenye skrini? Kwa ofisi nyingi za kwetu, zenye seva mbili hadi nne na mtu mmoja au wawili wa IT, jibu la swali hilo linachagua itifaki, yaani namna seva inavyozungumza na storeji, vizuri kuliko jedwali lolote la kasi.

Maneno matatu kwanza, tuelewane. Mashine pepe ndizo hizo VM, kama tunavyoziita kazini: kompyuta zinazoishi kama programu ndani ya seva. Ghala nitaiita ile sehemu ambayo haipavaiza, iwe ESXi ya VMware au Proxmox, inahifadhi diski za mashine hizo. Na LUN ni kipande cha nafasi ambacho storeji inakikata na kukionyesha kwa seva kana kwamba ni diski moja.

Daftari liko kwa nani

NFS ni itifaki ya faili. Ilizaliwa Sun Microsystems mwaka 1984, na toleo la 3, ambalo hadi leo watu wanalitumia kubebea mashine pepe, ni la 1995. Mfumo wa faili uko ndani ya storeji yenyewe. Seva kazi yake ni kuomba tu: nisomee faili hii, andika pale. Ni kama ghala la mazao lenye mtunza ghala. Unamtajia gunia unalotaka, analeta, na daftari anashika yeye.

iSCSI na Faiba Chaneli ni itifaki za bloku. Hapa storeji inakupa diski tupu. Hakuna mtunza ghala; umekabidhiwa jengo na ufunguo, na seva zote tatu zina nakala ya ufunguo huohuo. Daftari zinalishika zenyewe kwa makubaliano. Kwa VMware makubaliano hayo ni VMFS, mfumo wa faili uliotengenezwa ili seva nyingi ziandike kwenye LUN moja bila kukanyagana. Kwa Proxmox mara nyingi ni LVM, inayoikata LUN vipande na kuipa kila mashine chake.

Tofauti hii utaiona kama ya darasani mpaka siku mtu wa nne atakapopata ufunguo.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja Jumatatu asubuhi. Mashine zote za ghala moja zilikuwa kijivu kwenye orodha, hakuna hata moja inayowaka. Kumbe Ijumaa jioni mwenzetu mmoja alikuwa ameongeza seva ya Windows kwa ajili ya bekapu, na kwenye storeji akaiingiza katika kundi lilelile la seva za VMware kwa kuwa ndilo pekee lililokuwepo. Windows ikaona diski ngeni ya terabaiti 4. Alipofungua ukurasa wa kusimamia diski, kisanduku kikamuuliza kama aianzishe. Akabonyeza sawa. Basi. Windows ikaandika jedwali jipya la patisheni juu ya lile la VMFS. Mashine ziliendelea na kazi wikendi nzima, maana seva zilikuwa zimeshazifungua faili zake. Jumapili usiku umeme ukakatika, seva zikawashwa upya, na hakuna hata moja iliyoliona ghala.

Tuliokoka kwa sababu jamaa hakufika hatua ya kufomati. Data ilikuwa palepale. Tulichora upya patisheni kwa partedUtil kuanzia sekta ya 2048, mikono ikitetemeka kidogo, na ghala likarudi kabla ya saa sita mchana.

Kosa hilohilo kwenye NFS lingekuwaje? Seva ngeni ingeona folda lenye faili. Mtu angeweza kuzifuta, ndiyo, lakini kisanduku cha kumshawishi aianzishe diski "mpya" kisingetokea. Kwenye bloku, basi, orodha ya nani anaona LUN ipi ndiyo mlango wa nyumba. Kila klasta, yaani seva zinazofanya kazi pamoja, iwe na kundi lake, kila seva iingizwe kwa iqn yake, ndilo jina lake la iSCSI, na CHAP, nenosiri la iSCSI, iwashwe hata kama mtandao ni wa ndani.

NFS nayo ina mlango wake mbovu. ESXi inaandika kama root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kwa hiyo lazima uweke no_root_squash, na hapo yeyote anayekubaliwa na orodha ya IP ana mamlaka yote juu ya faili zako. Nimeshakuta orodha hiyo imeandikwa mtandao mzima wa ofisi, mpaka kompyuta ya mapokezi imo. Andika IP za seva moja moja, na mtandao wa storeji uwe na VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi. Jambo jingine: ghala moja usilifungue kwa NFS 3 kwenye seva hii na NFS 4.1 kwenye ile. Matoleo hayo mawili yanafunga faili kwa njia tofauti, na seva mbili zinaweza kuiwasha mashine ileile kwa wakati mmoja, kila moja ikiamini iko peke yake.

Kasi, na jaribio linalodanganya

"iSCSI ni ya haraka kuliko NFS." Utaisikia kila mahali, na ukijaribu mwenyewe kwa ESXi na TrueNAS, programu ya kugeuza seva kuwa storeji, utaiona kwa macho. Mashine iliyo kwenye iSCSI inaandika megabaiti mia kadhaa kwa sekunde. Ihamishie NFS kwenye diski zilezile, inaanza kujikokota. Watu wengi wanaishia hapo, wanatangaza mshindi.

Hebu tuangalie kilichotokea ndani. ESXi inapoandika kupitia NFS, kila andiko inalidai risiti ya kweli: usiniambie umepokea mpaka data iwe imekaa mahali ambapo umeme ukikatika haipotei. ZFS, mfumo wa faili ulio chini ya TrueNAS, inatii. Kama haina mahali pa haraka na salama pa kuliweka andiko hilo, inasubiri diski zizunguke, na wewe unasubiri nayo. Kwa iSCSI, katika mpangilio unaokuja nao kiwandani, andiko hilohilo linapokelewa kwenye RAM na risiti inatolewa papo hapo. Data yenyewe itashuka kwenye diski baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo hujalinganisha itifaki mbili. Umelinganisha keshia anayehesabu pesa kabla ya kukuandikia risiti, na yule anayeandika kwanza.

Sekunde hizo chache ndizo zenye kesi. Hifadhidata ndani ya mashine pepe imeshaambiwa kuwa malipo ya mteja yameandikwa. Risiti imetoka kwenye printa, mteja ameondoka. Umeme unakatika, UPS ambayo betri zake zilipaswa kubadilishwa mwaka juzi inalia mara mbili na kuzima, na kile kilichokuwa kwenye RAM kinakwenda nacho. Ukiwasha tena, hifadhidata ama haiyajui malipo hayo, ama, vibaya zaidi, faharasa zake hazikubaliani na majedwali na inakataa kufunguka.

Ukitaka jaribio la haki, weka sync=always, yaani kila andiko lidai risiti ya kweli, kwenye ile zvol (diski ambayo ZFS inaikata kwa ajili ya iSCSI), kisha pima upya. Pengo kubwa ulilokuwa ukilishangaa litayeyuka. Halafu inunulie storeji SSD ndogo ya kupokea maandiko, yaani SLOG, yenye kapasita za kuilinda data umeme unapokatika. Sifa hiyo utaikuta kwenye SSD za seva, si zile za kompyuta mpakato. Hapo NFS inakuwa na kasi ya kufanyia kazi na risiti yake bado ni ya kweli. Usichopaswa kufanya ni kile utakachoshauriwa kwanza na kila mtu: sync=disabled kwa NFS, au async kwenye faili ya exports ya Linux. Ndiyo, kasi itapanda. Umemgeuza keshia wa kwanza kuwa wa pili.

Kwenye masanduku yenye kontrola mbili na kashe (kumbukumbu ya haraka) inayolindwa na betri au NVRAM, kumbukumbu isiyopoteza data umeme ukikatika, ubishi wote huu unapoa. Risiti inatoka haraka kwa itifaki yoyote, na tofauti iliyobaki mhasibu wako hataihisi. Ila itazame hiyo betri. Ikifa, storeji nyingi huizima kashe ya kuandika ili kulinda data, na mfumo mzima unakuwa mzito bila alama yoyote kwenye haipavaiza. Nikiambiwa "kila kitu kimekuwa kizito tangu juzi," hapo ndipo ninapoanzia.

Kabla hujalaumu itifaki, hesabu diski

Diski ya kuzunguka ya mizunguko 10,000 kwa dakika inatoa takriban maombi 130 kwa sekunde. Diski 12 ni 1,560. RAID ni namna ya kuziunganisha diski ili moja ikifa data ibaki. Sasa, andiko moja dogo kwenye RAID 10 linazaa kazi 2 kwenye diski, kwenye RAID 5 linazaa 4, na kwenye RAID 6 linazaa 6. Chukua mzigo wa kawaida wa ofisi, asilimia 70 kusoma na 30 kuandika, kabla kashe haijasaidia. RAID 10 inakuachia maombi 1,200, RAID 5 kama 820, RAID 6 kama 620. Kuhama kutoka RAID 6 kwenda RAID 10 kunakaribia kuzidisha uwezo mara mbili, na hakuna itifaki itakayokupa hivyo. Unalipa kwa nafasi: diski sita za kutumia badala ya kumi.

Kwa diski kubwa za kuzunguka, RAID 5 siigusi. Kuijenga upya diski ya terabaiti nyingi kunachukua saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku, na muda wote huo diski ya pili ikifa umekwisha. Kwa SSD mambo ni mepesi: RAID 6 inatosha, maombi yapo ya kumwaga.

Waya

Hapa iSCSI ina hoja nzuri, na sitaificha. Ilipata kiwango chake rasmi, RFC 3720, Aprili 2004, na njia mbili zimo ndani ya mpango wake tangu mwanzo. Kadi mbili za mtandao, mitandao midogo miwili, swichi mbili, na seva inaiona LUN ileile kwa njia zote. Kebo ikichomoka, maombi yanahamia njia ya pili. Kwenye ESXi weka Round Robin. Kwa kawaida inabadili njia kila baada ya maombi 1,000, na watengenezaji wengi wa storeji wanakushauri uishushe hadi 1. Usizifunge kebo hizo pamoja kwa LACP, itifaki ya kuzifanya kebo kadhaa zionekane moja. Njia mbili za iSCSI zinataka kuonekana mbili.

NFS 3 kwenye ESXi ni mtu wa barabara moja. Kila ghala linabebwa na muunganisho mmoja wa TCP, kwa hiyo hata ukifunga kebo nne kwa LACP, ghala moja litapita kwenye kebo moja. Kwa mtandao wa gigabiti 1 hiyo ni megabaiti 125 kwa sekunde kwenye karatasi, kama 110 kwenye maisha, na kuhamisha mashine ya gigabaiti 200 ni nusu saa. Njia ya zamani ya kujisaidia ni kuwa na maghala kadhaa, kila moja kwa IP yake ya storeji. Kwa Linux, na hivyo Proxmox, kuna nconnect, inayofungua miunganisho kadhaa kwa ghala moja, tangu kerneli 5.3, na vSphere 8, kifurushi cha VMware chenye ESXi, nayo imeipata katika masahihisho yake. Ukweli ni kwamba ukiwa na gigabiti 10 malalamiko haya yanaisha yenyewe. Ukiwa bado na gigabiti 1 na mzigo mkubwa, iSCSI yenye njia mbili inashinda, bila ubishi.

Kuhusu MTU 9000, yaani vifurushi vya mtandao vya hadi baiti 9000: weka kama unaweza kuiweka kila mahali, kadi, swichi na storeji. Swichi moja ikisahaulika utakutana na kisirani cha aina yake. Muunganisho wa iSCSI unafunguka vizuri, LUN inaonekana, unashangilia, kisha unanakili faili ya kwanza na kila kitu kinaganda, kwa sababu vifurushi vya kusalimiana ni vidogo na vya data ni vikubwa. Nimeshapoteza Jumamosi nzima hivyo. Jaribio ni mstari mmoja kwenye ESXi: vmkping -d -s 8972, kisha IP ya storeji. 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Ukijibiwa, endelea. Usipojibiwa, rudi kwenye swichi.

Faiba Chaneli sina mengi ya kuisema. Ina mtandao wake peke yake, swichi zake, kadi zake, na imetulia kuliko ndugu zake wote. Ukishapanga kanda zako, yaani nani anaona nini, unaweza kuisahau miaka mitano. Lakini swichi ikifa unahitaji mtu anayeijua na kipuri kinachopatikana. Swichi za gigabiti 8 zilizotumika zinauzwa bei ya chini mpaka zinatamanisha. Kabla ya kutoa pesa uliza poti ngapi zina leseni ya kufanya kazi. Poti 24 kwenye bati zinaweza kuwa 8 tu zinazowaka.

| | NFS | iSCSI | Faiba Chaneli |
|---|---|---|---|
| Mtandao | Etherneti uliyonayo, poti 2049 | Etherneti uliyonayo, poti 3260 | wake peke yake |
| Njia mbili | kwa kuzungukazunguka | imo tangu mwanzo | imo tangu mwanzo |
| Kuongeza nafasi | dakika, upande wa storeji tu | storeji, kisha seva, kisha ghala | kama iSCSI |
| Kurudisha mashine moja toka snapshoti (picha ya data ya wakati fulani) ya storeji | nakili faili | fungua nakala ya LUN nzima, kisha nakili | kama iSCSI |
| Anayeweza kuitengeneza usiku | anayejua Linux | anayejua storeji | mtu wa nje, mara nyingi |

Ule mstari wa nne ndio ulionihamisha kambi. Mtu amefuta folda kwenye seva ya faili. Kwa NFS naingia kwenye snapshoti ya saa sita, naichukua faili ya diski, naifungua pembeni. Kwa bloku natengeneza nakala ya LUN, naionyesha kwa seva, naipa saini mpya ili isigongane na ya mwanzo, ndipo nianze kutafuta. Yanawezekana yote mawili. Moja nitalifanya nikiwa nusu usingizini, la pili sitathubutu.

Ukiwa Proxmox, mizani inahama

Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na Desemba hiyohiyo ikaacha kuuza leseni za kudumu. Tangu hapo nusu ya maswali ninayoulizwa yanaanza na "tunataka kuhamia Proxmox, storeji tunayo." Storeji ipo, lakini VMFS haihami nawe.

Kwenye VMware, NFS na iSCSI zinakupa karibu mambo yaleyale: snapshoti, kuhamisha mashine ikiwa inafanya kazi, diski zinazokua taratibu. Kwenye Proxmox sivyo. Ukiwa na NFS unatumia faili za diski za aina ya qcow2, na hayo yote yamo. Ukiwa na iSCSI au Faiba Chaneli unaweka LVM ya kawaida juu ya LUN na kuitia alama ya pamoja. Kuhamisha mashine kunafanyika vizuri, lakini kila diski inachukua nafasi yake yote siku ya kwanza, na snapshoti hakuna. Kuna LVM-thin, inayozitoa snapshoti, ila haiwezi kutumiwa na seva zaidi ya moja. Nimeona watu wakiilazimisha kwenye LUN ya pamoja. Wasifanye hivyo. Proxmox 9, iliyotoka Agosti 2025, imeleta snapshoti kwenye LVM ya pamoja, ila kwa kiwango cha majaribio. Mashine za uzalishaji za mteja nisingeziweka hapo bado.

Kingine, njia mbili za iSCSI kwenye Proxmox hazijipangi. Unasakinisha multipath-tools kwa mkono, unaandika multipath.conf, na unafanya hivyo kwenye kila seva. Ukisahau seva moja, hiyo moja itaiona LUN moja kama diski mbili.

Kwa hiyo kama sanduku lako linajua NFS na bloku zote, na unahamia Proxmox, sioni sababu ya kuhangaika. Chukua NFS. Kama sanduku ni la bloku tupu, chukua iSCSI na LVM, na bekapu ziende Proxmox Backup Server ili usizitegemee snapshoti. Wenye Hyper-V hawana mjadala huu kabisa: Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, haihifadhi mashine kwenye NFS, ni SMB 3, itifaki ya faili ya Windows, au bloku.

LUN moja kubwa au kadhaa; thini au thiki

VMFS inakubali ghala moja la hadi terabaiti 64. Kukubali si kushauri. LUN moja ina foleni moja ya maombi kwa kila seva, na kosa moja kama lile la Windows linachukua kila kitu. Kwa terabaiti 16 ningekata maghala manne: moja la hifadhidata peke yake, mawili ya mashine za kawaida, moja la majaribio na takataka. Kwa NFS sababu ya foleni haina nguvu, lakini bado nakata, kwa kuwa ratiba ya snapshoti za hifadhidata si ratiba ya seva ya printa.

Diski thini inapewa nafasi kadiri inavyoandikwa. Thiki inaichukua yote mwanzoni. Thini ni nzuri, naitumia karibu kila mahali, kwa sharti moja: ahadi zifanywe upande mmoja. Ukiwa na diski thini juu ya LUN ambayo nayo ni thini, una watu wawili wanaoahidi kwa kutumia pesa ileile. Ghala linaweza kuonyesha terabaiti 2 tupu huku storeji chini yake imejaa kabisa, na siku hiyo mashine zote zinazotaka kuandika zinasimama kwa pamoja, ya mhasibu na ya mkurugenzi. Kwa bloku fanya thini upande wa storeji na uangalie nafasi kule kule. VMFS-6, tangu vSphere 6.5 ya 2016, inairudishia storeji nafasi iliyofutwa yenyewe. VMFS-5 inataka uitume kwa amri, kwa hiyo maghala yaliyobaki kutoka enzi hizo yana nafasi iliyokufa ndani yake. Kwa NFS ukifuta faili nafasi imerudi, huna amri ya kukumbuka.

Tahadhari za vCenter, programu ya kusimamia seva za ESXi, zinakuja zimewekwa asilimia 75 za onyo na 85 za hatari. Ziache hivyo, ila hakikisha ujumbe unamfikia mtu aliye hai. Na snapshoti za haipavaiza si bekapu. VMware yenyewe inasema moja isikae zaidi ya saa 72. Mlaji mkubwa wa nafasi kwenye maghala ninayoitwa kuyasafisha ni snapshoti iliyoitwa "kabla ya update", ya miezi minane iliyopita.

Ningekuwa mimi

Seva mbili hadi nne, gigabiti 10, mtu mmoja wa IT, storeji yenye NVRAM au SLOG ya kweli: NFS, kwa VMware na kwa Proxmox. Sanduku la kontrola mbili la bloku tupu, au klasta za Windows ndani ya mashine pepe zinazotaka diski ya pamoja: iSCSI, njia mbili, CHAP, kila klasta na kundi lake. Bado uko gigabiti 1 na huna bajeti ya swichi: iSCSI pia. Faiba Chaneli kama umeikuta ipo na inafanya kazi; kuinunua upya kwa seva tatu sikushauri. Storeji ya ZFS isiyo na SLOG na UPS unayoitilia shaka: nunua SLOG kwanza, itifaki itasubiri wiki moja.

Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kuhamishia mashine ya kwanza ya watu, tengeneza mashine moja ya majaribio inayoandika faili mfululizo, simama nyuma ya raki, chomoa kebo moja ya storeji. Kwenye iSCSI iliyopangwa sawasawa maandishi yatasita sekunde chache kisha yataendelea. Kwenye NFS yatasita wakati seva inahamia kadi ya pili, yataendelea. Irudishe, chomoa ya upande wa pili, subiri tena. Halafu chomoa zote mbili na utazame saa. Kwa ESXi, kama mipangilio ni ya kiwandani, seva itaona mara moja kuwa njia zote zimekufa, itaendelea kurudia maombi kwa sekunde 140, ndipo iache kurudia yale yasiyo ya mashine pepe. Zirudishe kabla hazijatimia, uone kama mashine inaamka yenyewe. Kama haiamki mchana huu ukiwa umesimama hapo na kebo mkononi, haitaamka saa nane usiku.